Asumini Kwenye Mfuko Mtupu

Harusi ilikuwa Jumamosi, Tanga mjini. Binti wa shangazi alikuwa akiolewa, na sisi dada zake tulipewa kazi ya kutunga vikuba. Tulikaa mkekani tangu alasiri hadi usiku wa manane, asumini kwenye sinia, mrehani na mkadi pembeni, chetezo cha udi kikipitishwa chumba hadi chumba. Jumapili jioni nikapanda gari kurudi Muheza. Jumatatu alfajiri nilikuwa shambani kupima harufu ya majani ya mahindi, nimeoga kwa sabuni isiyo na manukato kama taratibu zetu zinavyotaka, ila begani nilikuwa na mkoba ule ule niliokwenda nao harusini. Ndani yake mlikuwa na daftari, chupa ya maji, mirija sita ya kioo ya kunasia harufu niliyoisafisha Ijumaa na, huko chini kabisa, kikuba kimoja kilichonyauka ambacho wala sikumbuki nilikitia humo saa ngapi.

Wiki tatu baadaye majibu yalipotoka kwenye mashine, nilifurahi kupita kiasi. Miche yangu ya mahindi ambayo haikuguswa na kiwavi hata mmoja ilikuwa ikitoa linaloli na indoli kwa wingi. Hizo ni kemikali ambazo mahindi huzitoa yanapoliwa. Nikajiambia, hapa nimegundua kitu: mbegu hii ya kienyeji inapiga yowe kabla adui hajafika! Ndani ya daladala nilikuwa tayari naandika kichwani aya ya kwanza ya ugunduzi wangu.

Aliyeniamsha ni mzee wa maabara. Ni fundi sanifu aliyekaa na mashine zile miaka mingi, anazijua kwa sauti zake kama dereva wa lori anavyoijua injini. Aliitazama karatasi, akavua miwani, akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, mfuko mtupu uko wapi?"

Ulikuwepo. Mmoja kwa siku nzima, wa kulinganishia na mifuko tuliyoivisha miche, na nilikuwa sijaufungua kwenye kompyuta, maana nani ana haraka ya kutazama mfuko usio na kitu? Tukaufungua pamoja. Linaloli ilikuwemo. Indoli ilikuwemo. Na juu ya zote, kimesimama kama mnara wa msikiti, palikuwa na kilele kwenye grafu, cha benzili asetati, ile kemikali inayoipa asumini utamu wake. Mfuko ambao haukuwa na jani hata moja ndani yake ulikuwa unanukia bibi harusi.

"Hukupima mahindi," mzee akasema. "Umepima wikiendi yako."

Nikiwaambia watu kwamba kazi yangu ni kupima harufu ya majani, wengi hucheka kwanza. Kila jani hutoa hewani kemikali nyepesi zenye kaboni, zinazopaa zenyewe bila kuchemshwa. Zinafupishwa VOC, na maabarani sote tunasema hivyo hivyo, vi-o-si. Harufu ya nyasi zilizofyekwa ni hizo. Harufu ya karafuu zikianikwa barazani ni hizo. Petroli, thina, vanishi na gundi ya viatu nazo ni ukoo huo huo. Jani la mkaratusi likiwa juani hutoa isopreni, ambayo pua zetu haziioni kwa urahisi, lakini miti na mimea ya dunia nzima huimwaga angani kwa makadirio ya karibu tani milioni 500 kila mwaka.

Kwa mahindi kisa chake kina utamu wa pekee. Kiwavi akitafuna jani, mate yake yakaingia kwenye jeraha, mmea hubadilisha harufu yake ndani ya saa chache, na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya viwavi huifuata harufu hiyo hadi mezani. Mwaka 1990 jambo hilo lilionyeshwa kwa mahindi. Mwaka 1997 ikatambuliwa kemikali ya mate ya kiwavi inayouchokoza mmea, ikapewa jina la volisitini. Kwetu Afrika Mashariki elimu hii haikubaki vitabuni. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wakishirikiana na wenzao wa kituo cha kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, walitengeneza kilimo cha sukuma-vuta: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari inawafukuza nondo wa bungua wa mahindi kwa harufu, mabingobingo pembezoni yanawavuta kwa harufu. Na mwaka 2011 ilichapishwa kwamba baadhi ya mbegu za kienyeji huanza kuwaita nyigu tangu nondo wa bungua anapotaga mayai tu, kiwavi hajaanguliwa, wakati mbegu chotara zilizopimwa nazo zilikaa kimya. Kwa hiyo furaha yangu ile haikuwa ya wazimu mtupu. Nilikuwa nauliza swali kama hilo kwa viwavijeshi vamizi, hawa walioripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na Tanzania mwaka uliofuata, na jibu nililolipata ndilo nililokuwa nalitamani. Sasa hivi jibu la namna hiyo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Kifaa chenyewe ukikitazama ni kama mchezo wa watoto. Mfuko ni ule wa plastiki wanaookea kuku, kwa sababu unavumilia joto na hautoi harufu nyingi. Unauoka mtupu kwenye oveni saa nzima au zaidi ili uteme kilichomo. Unauvisha mche, unafunga mdomo wake. Pampu moja inasukuma ndani hewa iliyochujwa kwa mkaa. Pampu ya pili inavuta hewa ya ndani ikipitia mrija mwembamba wa kioo wenye punje nyeupe za kunasa harufu; sisi tulitumia Porapak Q, wengine hutumia Tenax. Hewa inayoingia lazima izidi inayovutwa, ili kama kuna tundu mahali, mfuko upumue nje badala ya kunyonya ndani. Baadaye unachomoa mrija, unaziba ncha zote mbili, na maabarani unausuuza kwa kiyeyushi kidogo mno, hakijai hata kijiko cha chai. Tone la hicho ndilo linaloingia kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayozitenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa vipande vyake.

Sasa punje za Porapak hazichagui. Zimeumbwa kunasa chochote chenye harufu kinachopita, na kizibo kisipokaza zitanasa hata bila pampu. Nilichofanya mimi ni kuilaza mirija safi usiku mzima kwenye mkoba mmoja na kikuba, kama mtu anayelaza mkate mkavu juu ya sufuria ya mchuzi halafu asubuhi anashangaa umelowa. Ua la asumini hutoa linaloli na indoli. Jani la mahindi lililotafunwa hutoa linaloli na indoli. Mashine haijui harusi.

Tukarudi shambani, miche ilikuwa bado ipo. Mkoba niliuacha nyumbani, mirija ikaingia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, na kila baada ya mifuko minne yenye jani tukaweka mmoja mtupu, uliovishwa kijiti cha kioo tu, ukapata pampu yake na muda wake sawasawa na wenzake. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hata bila asumini mchafuzi mkuu nilikuwa mimi mwenyewe.

Jani la mahindi linaumia upesi. Likikunjwa, likibanwa na uzi, likikwaruzwa na ukingo wa mfuko, ndani ya sekunde chache linatoa ile harufu ya ubichi: kemikali zenye kaboni sita, zinazozaliwa pale vimeng'enya vinapokatakata mafuta ya utando wa seli. Kwenye grafu zangu za mwanzo heksenali na heksenili asetati, za ukoo huo wa ubichi, zilikuwa juu kila mahali, kwa mche ulioliwa na usioliwa. Mtu angeweza kuapa kwamba shamba zima limevamiwa. Na kweli lilivamiwa, na mvamizi alikuwa amevaa glavu.

Dawa yake ni uvivu wa makusudi. Unavisha mfuko bila kukunja, unazungushia shina utepe wa tefloni bila kukaza, unawasha pampu ya kusukuma hewa safi, kisha unaondoka. Usiweke mrija. Nenda kanywe chai. Kelele za mkwaruzo mdogo hupungua haraka. Zile zinazosababishwa na kiwavi, ambazo mmea unazitengeneza upya, huchukua saa kadhaa kupanda, na zinataka mwanga wa mchana. Tukawa tunavisha mifuko saa kumi na mbili asubuhi na kuweka mirija saa mbili. Mama mwenye shamba alikuwa akinitazama nimekaa chini ya mwembe sina ninachofanya, siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, wanakulipa kwa kukaa?"

"Nasubiri mahindi yanisahau, mama."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini ndivyo ilivyo.

Halafu kuna joto. Siku moja saa sita mchana nilitia kipimajoto ndani ya mfuko: nyuzi 44, wakati kivulini nje zilikuwa 32. Ndani mlikuwa mmejaa ukungu na matone, kama kioo cha basi wakati wa mvua, maana jani linatoa jasho na jasho halina pa kwenda. Jani hilo halipimwi, linapikwa. Na kwa kuwa kemikali nyingi hupanda joto linapopanda, ukilinganisha mche wa juani na wa kivulini utadhani unalinganisha mbegu na mbegu, kumbe unalinganisha jua. Tulijenga vibanda vidogo vya makuti juu ya miche yote, iliyoliwa na isiyoliwa. Makuti nayo yana harufu yake, naam. Ndiyo maana mifuko mitupu nayo ilikaa chini ya makuti hayo hayo.

Mengine yalikuwa madogo madogo, kila moja na aibu yake. Kalamu nene ya kuandikia lebo ilituletea toluini na zailini, tukahamia penseli. Jenereta ya kuendesha pampu tuliiweka mbali, lakini upepo uligeuka saa nne kama unavyogeuka siku zote huku kwetu ukanda wa pwani, tukapata moshi wa petroli katika sampuli za nusu siku. Tukaachana na wazo la jenereta na kuazima betri za gari. Dawa ya mbu niliyojipaka usiku ilijitokeza asubuhi kama kilele kipana mwishoni mwa grafu. Na kulikuwa na kemikali moja, metiliheptenoni, iliyonisumbua mwezi mzima, kwa sababu mimea nayo huitoa. Nilikuwa karibu kuiandika kama ya mahindi. Kumbe mafuta ya asili ya ngozi ya binadamu yakikutana na ozoni ya hewani huizalisha hiyo hiyo. Kila nilipoinama muda mrefu juu ya mfuko, kilele kilirefuka. Kila alipofunga mwenzangu mwenye haraka, kilikuwa kifupi. Nilijiona kwenye grafu kama mtu anavyojiona kwenye kioo cha duka bila kutarajia.

Mzee wa maabara alinifariji kwa kisa cha Arie Haagen-Smit. Huyu alikuwa mkemia Mholanzi huko California, kazi yake kuchunguza kinachoipa nanasi harufu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Los Angeles ikiwa inakohoa kwa ukungu wa kahawia, akaelekeza ujuzi ule ule wa kunasa harufu ya nanasi kwenye hewa ya mji. Kutokana na kazi yake ndipo ikaeleweka kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari vikipigwa na jua hutengeneza ozoni, na ukungu huo ndio uliokuwa ukiunguza majani ya mboga mashambani. Mzee anakipenda kisa hiki kwa sababu kinamthibitishia kwamba aliyeanza na nanasi hakupotea njia. Mimi nakipenda kwa sababu ya ozoni. Nilipojaribu kunasa hewa wazi katikati ya mistari, bila mfuko wala mkaa, osimeni ilikuwa inapotea. Mmea ulikuwa unaitoa, ila ozoni ilikuwa inaila juu ya punje kabla sijafika nayo maabarani. Unatakiwa kuweka mbele ya mrija kichujio chenye chumvi ya iodidi ya potasiamu ili ozoni ife kwanza. Sikujua. Sampuli za siku mbili nilizitupa.

Hasara kubwa zaidi haikutokea shambani, ilitokea barabarani. Dikloromethani, kile kiyeyushi chetu, huchemka kwenye nyuzi 40. Nilifunga chupa ndogo 12 kwenye boksi la barafu, nikapanda basi la kwenda Dar es Salaam, na basi likaharibika karibu na Segera. Tulikaa kando ya barabara saa tano. Barafu ikawa maji, maji yakawa ya vuguvugu, na mimi nikawa nauchungulia mfuniko kila baada ya dakika kumi kama mtu mwenye mtoto mgonjwa. Tulipofika, chupa nne zilikuwa zimepungua, mojawapo imekauka kabisa.

Kilichoniokoa ni kitu nilichokuwa nakifanya kwa mazoea tu, bila kukielewa vizuri. Kabla ya kuondoka Muheza nilikuwa nimetia katika kila chupa kiasi kile kile, kinachojulikana, cha nonili asetati, ambayo haimo kwenye mahindi yetu. Kiyeyushi kikipungua, vilivyomo vinakolea pamoja, kwa hiyo husomi tena urefu wa kilele peke yake. Unasoma kilele cha kemikali yako kimezidi mara ngapi kile cha nonili asetati. Chupa tatu zikapona. Kwa kemikali nyepesi sana kama heksenali sikuziamini hata hivyo, kwa sababu hizo zinaweza kupaa pamoja na kiyeyushi, na nikaandika hivyo kwenye daftari. Ile kavu ilikuwa ya mche bora kuliko yote. Bila shaka.

Nikishapata namba, kuna hesabu ambayo wanafunzi wengi huiruka, na mimi niliiruka mwaka mzima. Tuseme mrija umenasa nanogramu 24 za linaloli. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ulivuta lita 12 za hewa, yaani mililita 200 kwa dakika kwa saa nzima. Hiyo ni nanogramu 2 kwa lita. Lakini mfuko ulikuwa unapewa mililita 400 kwa dakika, lita 24 kwa saa, na hewa yote hiyo ilibeba harufu ile, hata iliyopumulia nje pembeni. Kwa hiyo mche ulitoa nanogramu 48 kwa saa. Ukaushe, upime majani yake, tuseme gramu 1.2: nanogramu 40 kwa gramu kwa saa. Inapendeza. Sasa chukua mfuko mtupu wa siku hiyo, ukute una nanogramu 6. Toa. Zinabaki 18, na ukirudia hesabu unapata 30. Robo nzima ya ulichokuwa unakiita jani ilikuwa plastiki, hewa na mikono yako. Na huo ni mfuko mtupu mzuri. Kwenye ule wa harusi, nilipotoa, nilipata namba hasi; mahindi yalikuwa yanakula harufu!

Kipindi cha kusubiri msimu mwingine, maabara iliazimwa kifaa cha mkononi cha kupimia hewa, kile chenye taa ya urujuanimno ndani yake: hewa inapita, taa inazipa kemikali chaji ya umeme, kioo kinaandika namba papo hapo. Baada ya mwaka wa mirija na kusubiri wiki tatu, namba ya papo hapo ilinilevya. Nilipima kila kitu. Jiko letu, choo cha stendi, maganda ya chungwa, chetezo cha udi cha mama mkwe wa dada yangu (namba ilipanda, nikanyamaza).

Kisha nikakipeleka kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, aliyekuwa anapiga vanishi kabati ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya vumbi. Mlangoni kiliandika 0.4. Alipofungua kopo la thina na kuinama, nikakishika usawa wa pua yake: 180, sehemu kwa milioni.

"Fundi, hii harufu haikuumizi kichwa?"

"Harufu gani, dada? Mimi hata siisikii."

Alikuwa anasema kweli. Pua huzoea, na baada ya muda haileti tena taarifa. Nilimwomba alitoe kabati nje, chini ya mti, tukapima tena: 9. Alikuna kidevu, akasema vumbi atalipiga msasa baadaye.

Lakini namba ile 180 haikuwa na jina. Kifaa hiki husawazishwa kwa gesi moja, isobutilini, na kila kingine kinachokiona hukisoma kana kwamba ni hiyo. Toluini kinaiona kwa ukali wa karibu mara mbili, kwa hiyo kama yote ilikuwa toluini, ukweli ulikuwa karibu na 90. Fomaldehaidi inayotoka kwenye gundi ya mbao za kubandika hakiioni kabisa kwa taa ile, wala methani, wala propani ya mtungi wa jikoni. Mtu anaweza kukaa kwenye chumba chenye hatari akisoma sifuri. Nikarudi na mrija wangu wa kizamani. Wiki mbili baadaye grafu ilionyesha nilichotarajia, toluini na zailini za thina, na pembeni yake kilele kidogo ambacho sikukitarajia: benzeni. Hiyo husababisha saratani ya damu, na hakuna kiasi chake kinachoitwa salama. Nilikwenda kumuuliza.

"Brashi unaoshea nini, fundi?"

"Petroli, dada. Thina ghali."

Petroli ndiyo yenye benzeni. Ile namba moja nzuri ya papo hapo isingenieleza hilo hata ningesimama nayo pale hadi Magharibi. Sasa brashi anaoshea thina aliyokwisha kuitumia, akiiacha itulie na kumimina ya juu, na anafanya nje. Kifaa kile kinafaa sana kwa swali la "wapi pabaya" na "sasa pamepungua?" Kwa swali la "ni nini" hakifai, na ninawaona watu wengi wakikinunua kwa swali hilo la pili.

Msimu wa pili nilikwenda shambani na mirija mingi kuliko miche. Kati ya sampuli 60 nilizochukua, 15 zilikuwa mifuko mitupu. Msimamizi wangu aliguna, maana kila sampuli ina gharama ya kiyeyushi na ya gesi ya heliamu. Nilimwonyesha grafu ya harusi, akasaini.

Mama mwenye shamba naye alikuwa na swali. "Shikamoo mama," nilisema nikiwa nimepiga magoti nafunga mfuko juu ya kijiti cha kioo.

"Marahaba. Hii mingine naielewa, ina mahindi. Huu mbona hauna kitu?"

Nikamweleza. Kwamba nataka kujua harufu ya hapa, ya leo, ya plastiki hii, ya mimi na yeye tuliosimama hapa, bila jani. Ili nikiiona kwenye mifuko yenye jani nisilisingizie jani. Alisikiliza kwa makini kuliko wengi niliowahi kuwaeleza vyuoni, akatikisa kichwa, akaenda zake kupalilia.

Kesho yake nilichelewa, boda boda ilipata pancha. Nilipofika nilimkuta amesimama katikati ya njia ya shamba, jembe begani, mkono mmoja umenyooka kumwelekeza mjukuu wake mbali. Mtoto alikuwa na chungwa mkononi, nusu limeshamenywa, na maganda yake yanang'aa kwa mafuta yenye limonini. Alikuwa hatua kama ishirini kutoka kwenye mfuko mtupu, upande unaotoka upepo.

"Kalile kule mtoni," bibi yake alikuwa akimwambia. "Na mikono unawe huko huko. Unamtilia dada yako chungwa kwenye hewa yake."

Nilipima. Mfuko mtupu wa siku ile haukuwa na limonini ya kuonekana.